Kiasi cha Mbegu na Mavuno ya Choroko: Hesabu Mimea Kabla ya Kilo

Mtu anayetaka kupanda choroko huuliza kwanza ni kilo ngapi za mbegu zitakazotosha hekta moja. Jibu analopewa huwa kati ya kilo 15 na 30, na akitaka kujua sababu ya tofauti kubwa kiasi hicho, huambiwa kwamba inategemea. Jibu hilo si la uongo, lakini limeanzia mahali pasipofaa. Mmea wa choroko haujui kilo. Unachokijua ni umbali uliopo kati yake na jirani yake, mwanga unaoufikia, na maji yaliyobaki katika udongo ambao mizizi yake inaugombania na mizizi ya wenzake. Kwa hiyo swali linalopaswa kutangulia ni mimea mingapi iliyo hai tunataka kuiona katika kila mita ya mraba wiki 2 au 3 baada ya kupanda. Kilo huja baadaye, zikiwa jibu la hesabu.

Ukubwa wa punje peke yake unatosha kuvuruga pendekezo lolote la kilo. Zipo aina za choroko ambazo punje 1,000 zina uzito wa gramu 30 au 40, na zipo nyingine ambazo idadi hiyo hiyo hufikia gramu 70. Tuchukue wakulima wawili wanaopanda kilo 20 kwa hekta, mmoja akiwa na aina ya gramu 40 na mwenzake aina ya gramu 70. Wa kwanza amepeleka shambani punje 500,000, yaani punje 50 kwa mita ya mraba, na wa pili amepeleka punje takriban 286,000, ambazo hazifiki 29 kwa mita ya mraba. Wote wawili watasema walifuata ushauri ule ule, na mashamba yao hayatafanana hata kidogo. Ndiyo maana ninaposoma ripoti ya jaribio linalolinganisha viwango vya mbegu kwa kilo bila kutaja uzito wa punje, hubaki nikijiuliza jaribio hilo lililinganisha nini hasa.

Jambo la pili linaloingia kati ya kilo na mmea ni uotaji. Mbegu iliyohifadhiwa vibaya, iliyovunwa ikiwa imenyeshewa ndani ya ganda, au iliyotobolewa na fukusi, hupoteza nguvu yake hata kama kwa macho bado inang'aa. Zipo pia punje ambazo ni nzima kabisa lakini ganda lake la nje ni gumu kiasi kwamba halipitishi maji, nazo hukaa ardhini siku nyingi bila kuvimba huku wenzake wakiwa wameshatoa majani. Kipimo cha uotaji hakihitaji maabara: hesabu punje 100 bila kuchagua zilizo nzuri, zitandaze juu ya kitambaa chenye unyevu, kikunje na ukiweke mahali penye joto, na baada ya siku 5 hadi 7 uhesabu zile zilizotoa mzizi na shina la kawaida. Zilizooza ni hasara, na zile zilizobaki ngumu kama zilivyokuwa hazifai kuhesabiwa pamoja na zilizoota, kwani hata zikiota baadaye zitakuwa mimea midogo iliyofunikwa na wakubwa wake.

Mbegu iliyoota kwenye kitambaa bado haijawa mmea shambani. Choroko huota kwa kuinua kotiledoni zake, yaani nusu mbili za punje, hadi juu ya ardhi. Mzizi hushuka kwanza, kisha shina changa hujipinda na kusukuma udongo kwa mgongo wake, likizivuta nusu hizo mbili nyuma yake. Mvua kubwa ikinyesha siku chache baada ya kupanda, kisha jua kali likaukausha uso wa udongo, hutokea gamba gumu ambalo kazi hiyo ya kusukuma haiwezi kulishinda kila mara. Libandue gamba hilo kwa ncha ya kisu juu ya mstari uliopandwa na utaziona shingo nyeupe zimejipinda chini yake, nyingine zimevimba kwa kujaribu, nyingine zimekatika pale zinapoungana na kotiledoni, nazo zilizokatika haziwezi tena kuwa mmea. Kina cha sentimita 3 hadi 5 kinatosha katika udongo mwingi. Kupanda chini zaidi ili kuufuata unyevu ni jambo linaloeleweka, lakini lina gharama yake kwa mmea unaotoka ardhini kwa namna hii. Udongo wenye baridi nao huchelewesha, na kadiri punje inavyokaa ardhini ndivyo ukungu na wadudu wanavyopata nafasi. Nitaongeza kwamba punje zilizo karibu karibu katika mstari husaidiana kulipasua gamba, jambo ambalo ni mojawapo ya sababu chache za haki za kuongeza mbegu katika udongo wenye tabia hiyo.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua idadi ya mimea unayoitaka kwa mita ya mraba, uigawanye kwa sehemu ya mbegu inayoota kwenye kipimo, kisha ugawanye tena kwa sehemu ya hizo zilizoota ambayo unatarajia itachomoza na kudumu shambani. Utapata idadi ya punje za kupanda kwa kila mita ya mraba. Idadi hiyo uizidishe kwa uzito wa punje 1,000 kwa gramu, ugawanye kwa 100, na jibu litakuwa kilo kwa hekta. Tuseme tunataka mimea 30, mbegu inaota kwa asilimia 90, na katika zinazoota tunatarajia asilimia 80 kufanikiwa. Punje zinazohitajika ni karibu 42 kwa mita ya mraba. Kwa aina ya gramu 40 hiyo ni takriban kilo 17 kwa hekta, na kwa aina ya gramu 70 ni takriban kilo 29. Shamba ni lile lile, lengo ni lile lile, na kilo zimekaribia kuwa maradufu.

Sasa tuje kwenye ukuaji wenyewe. Ng'oa mmea mmoja kutoka mahali palipopandwa kwa nafasi kubwa, tuseme mimea 10 kwa mita ya mraba, na mwingine kutoka mahali penye mimea 60, wakati maganda yanapoanza kujaa, kisha uilaze miwili hiyo sambamba. Wa kwanza una shina nene chini, una matawi yanayoanzia kwenye vifundo vya karibu na ardhi, na baadhi ya matawi hayo yamebeba maganda yake yenyewe. Wa pili ni mrefu zaidi, mwembamba, umbali kati ya kifundo na kifundo umevutika, matawi yake ni mafupi au hayapo kabisa, na majani ya chini yameshageuka manjano na kudondoka. Vishada vyake viko juu, karibu na kilele. Ukiihesabu maganda, wa kwanza utakuwa na mara kadhaa ya yale ya wa pili. Anayeishia hapo atasema nafasi kubwa ni bora, naye atakuwa amesahau kwamba mahali pale pa pili kuna mimea mara 6.

Kurefuka huko hakutokani na njaa ya mwanga peke yake, kwa sababu huanza kabla mmea haujafunikwa. Jani la kijani hufyonza mwanga mwekundu na kuurudisha ule mwekundu wa mbali ambao jicho la mwanadamu haliuoni kwa urahisi, hivyo mmea uliozungukwa na majirani hupokea mchanganyiko wa mwanga uliobadilika. Rangi maalumu iliyomo ndani ya mmea, inayoitwa fitokromu, huyatambua mabadiliko hayo, na mmea hujibu kwa kurefusha shina na kuyazuia matawi, kana kwamba umeshapokea taarifa kwamba ushindani unakuja. Kwa hiyo idadi ya matawi huamuliwa mapema, katika wiki chache za mwanzo, na kupunguza miche baada ya hapo hakurudishi matawi yote ambayo hayakuchipua. Anayekusudia kupunguza miche afanye hivyo ingali na jani moja au mawili ya kweli.

Mavuno ya choroko yanaweza kugawanywa katika sehemu nne zinazozidishwa pamoja: idadi ya mimea kwa mita ya mraba, idadi ya maganda kwa mmea, idadi ya punje kwa ganda, na uzito wa punje. Sehemu hizi haziyumbi kwa kiwango kimoja. Uzito wa punje na idadi ya punje kwa ganda, ambayo mara nyingi huwa kati ya 9 na 12, hubadilika kidogo tu mbegu inapoongezwa, kwa kuwa zimefungwa zaidi na aina ya choroko yenyewe. Mzigo karibu wote wa mabadiliko hubebwa na idadi ya maganda kwa mmea. Huo ndio mlango ambao mmea hutumia kujirekebisha, na ndiyo maana mtu anayetaka kuelewa athari ya kiasi cha mbegu hana budi kuhesabu maganda.

Mfano wa hesabu utasaidia, nao ni wa kueleza tu wala si matokeo ya shamba lolote. Mimea 10 yenye maganda 28 kila mmoja hutoa maganda 280 kwa mita ya mraba. Mimea 30 yenye maganda 12 hutoa 360. Mimea 60 yenye wastani wa maganda 5 na nusu hutoa 330. Kila ganda likiwa na punje 11, na punje 1,000 zikiwa na gramu 50, mavuno ni kilo 1,540 kwa hekta katika hali ya kwanza, kilo 1,980 katika ya pili, na kilo 1,815 katika ya tatu. Kuongeza mimea mara tatu kumeongeza mavuno kwa chini ya theluthi moja, na kuizidisha mara mbili zaidi kumeyapunguza kwa takriban asilimia 8. Kilo hizo ni za shamba lililotunzwa vizuri sana. Mashamba mengi ya choroko duniani huvuna chini ya tani moja kwa hekta, lakini umbo la mfano halibadiliki kwa sababu hiyo.

Umbo hilo lina historia ndefu katika elimu ya mimea. Mwaka 1953 Tatuo Kira na wenzake nchini Japani walichapisha uchunguzi wao juu ya ushindani kati ya mimea ya aina moja, wakaonyesha kwamba msongamano ukishapita kiwango fulani, jumla ya uzito wa mimea kwa eneo huacha kuongezeka: kila mmea hupungua kwa kadiri ile ile wenzake wanavyozidi, na jumla hubaki pale pale. Kanuni hiyo inahusu mmea mzima, pamoja na shina na majani. Punje ni jambo jingine. Mstari wa mavuno ya punje hupanda haraka, hulala, kisha katika msongamano mkubwa huanza kushuka, kwa sababu mmea mdogo hauna budi kujijengea shina na majani kwanza, na sehemu inayobaki kwa ajili ya punje huwa ndogo. Ndiyo maana anayepanda choroko kwa ajili ya malisho, au kwa ajili ya kuzifukia ardhini zikiwa mbichi ili kurutubisha udongo, anaweza kuongeza mbegu bila woga mkubwa, ilhali anayetafuta punje anapaswa kujua mahali pa kusimama.

Sehemu ambayo mstari umelala ndiyo inayonivutia kuliko nyingine zote, kwa sababu ni pana. Mapendekezo mengi kwa choroko ya punje huangukia kati ya mimea 20 na 40 kwa mita ya mraba, na ndani ya mipaka hiyo tofauti ya mavuno mara nyingi ni ndogo kuliko tofauti inayoletwa na kuchelewa palizi kwa wiki moja. Mjadala mkali kati ya mtu wa mimea 28 na mtu wa mimea 33, kwa maoni yangu, ni mjadala wa watu wenye muda. Tofauti inayohesabika ni ile ya shamba lililokusudiwa kuwa na mimea 30 likaishia na 9 kwa sababu ya mbegu mbovu, au lile lililojazwa mimea 70 kwa kudhani kwamba mbegu nyingi ni bima.

Maua nayo yana neno lake hapa. Choroko hutoa maua kwa vishada kwenye makwapa ya majani, na sehemu kubwa ya maua hayo hudondoka hata katika msimu mzuri, mengine yakiwa bado vitumba. Kikonyo kimoja kinaweza kuanza na maua mengi na kumaliza na maganda machache tu. Mmea huamua ubakishe mangapi kwa kadiri ya chakula ambacho majani yanatengeneza siku hizo, hivyo katika shamba lililosongamana, ambamo majani ya chini hayapati mwanga na yale ya juu yanatiana kivuli, maua yanayodondoka huwa mengi zaidi na vishada vya chini hubaki vikonyo vitupu. Mkulima akipita shambani akaona vikonyo vitupu, wadudu ndio wanaoshukiwa kwanza, na mara nyingi kwa haki. Lakini kama vikonyo hivyo viko chini tu na vya juu vimejaa, kivuli nacho kinastahili kushukiwa.

Katika yote hayo, maji ndiyo mwamuzi mkuu. Shamba lenye mimea mingi hufunika ardhi mapema na kutumia maji mengi katika wiki za mwanzo. Mvua ikiendelea, au kukiwa na umwagiliaji, hilo ni jambo jema: mwanga unanaswa na majani badala ya kuanguka kwenye udongo mtupu, na maji yanapita kwenye mmea badala ya kupotea kwa jua. Mvua ikikatika kabla ya maganda kujaa, shamba hilo hilo ndilo linaloumia kwanza, kwani akiba ya udongo ilitumika kujenga majani, na sasa maganda yanadai maji ambayo hayapo. Punje hubaki ndogo au kusinyaa, na hapo hata uzito wa punje, ambao kwa kawaida hautikisiki, hushuka. Choroko ni zao la siku 60 hadi 90 tu na halina muda mrefu wa kusubiri mvua irudi. Kwa shamba linalotegemea unyevu uliohifadhiwa ardhini au mvua chache, ningelenga mimea 20 hadi 25 kwa mita ya mraba. Kwa shamba lenye maji ya uhakika, 30 hadi 40. Huo ndio uamuzi wa kwanza ninaoufanya, kabla ya kuuliza habari ya aina ya mbegu au mashine.

Magugu huvuta upande wa pili. Choroko changa ni dhaifu mbele ya magugu, na wiki 6 za mwanzo ndizo zinazoamua. Mimea ikiwa mingi na mistari ikiwa karibu, majani hukutana mapema na magugu yanayochipua baadaye hukosa mwanga. Pale ambapo palizi itafanywa mara moja tu, au ambapo nguvu kazi ni haba, kuongeza mimea kidogo juu ya kiwango cha kawaida kuna maana, na mavuno katika shamba lenye magugu hupanda pamoja na mbegu hadi msongamano ambao katika shamba safi ungekuwa wa kupita kiasi. Hii ni sababu mojawapo ya matokeo ya majaribio kutofautiana: jaribio lililopaliliwa kila wiki na jaribio lililoachwa na magugu yake haliwezi kumshauri mkulima kitu kimoja.

Kuhusu magonjwa sina mengi ya kusema. Shamba lililosongamana huchelewa kukauka baada ya mvua au umande, na madoa ya majani hupenda hali hiyo. Dawa pia haifiki majani ya chini, jambo ambalo huonekana zaidi kwa ubwiri unga unaoanzia huko chini kwenye kivuli. Mimea michache mno nayo ina matatizo yake, kwa kuwa ugonjwa wa virusi vya manjano unaoenezwa na inzi weupe ukiua mimea michache katika shamba lenye mimea 12 kwa mita ya mraba, mapengo hayazibiki tena.

Kuna faida ya msongamano ambayo haionekani kwenye mizani lakini wavunaji wanaijua. Mmea wenye nafasi kubwa hutoa maganda kwa awamu: ya shina kuu hukauka kwanza, ya matawi hufuata baadaye, na huku ukiwa na maganda meusi bado una maua. Mmea uliobanwa hutegemea shina kuu, hivyo maganda yake hukaribiana kukomaa, na ganda la chini kabisa huwa juu zaidi kutoka ardhini. Kwa mtu anayevuna kwa mashine mara moja, mambo hayo mawili yana thamani kubwa, kwa sababu ganda lililo karibu na ardhi hupitwa na kisu na ganda bichi huchafua punje kavu. Kwa mtu anayechuma kwa mkono mara 2 au 3, mmea wenye matawi hauna ubaya wowote. Unampa mavuno ya ziada endapo unyevu utaendelea. Hata hivyo, mashina marefu na membamba hulala upepo ukivuma pamoja na mvua, na shamba lililolala halivuniki vizuri kwa mashine wala kwa mkono.

Kiasi cha mbegu hakiwezi kutenganishwa na jinsi mbegu zilivyotawanywa. Mimea 30 kwa mita ya mraba katika mistari iliyoachana sentimita 50 ni mimea 15 kwa kila mita ya mstari, mmoja kila sentimita 6 au 7. Idadi hiyo hiyo katika mistari ya sentimita 30 ni mimea 9 kwa mita, mmoja kila sentimita 11. Katika mpangilio wa pili mimea inaanza kugombana baadaye na ardhi inafunikwa mapema, hivyo palipo na maji ya kutosha mistari ya karibu mara nyingi hutoa zaidi kwa mbegu zile zile. Tatizo ni palizi, kwa sababu jembe la kukokotwa halipiti. Anayerusha mbegu kwa mkono kisha kuzifunika kwa haro hupata kina tofauti na msongamano tofauti kila hatua, naye hulazimika kuongeza mbegu ili kufidia zile zilizobaki juu ya ardhi na zile zilizozikwa mno. Wastani wake unaweza kusomeka 30, kumbe ni mahali pa 55 kando ya mahali pa 5. Mmea wa choroko unaweza kulijaza pengo dogo kwa kutoa matawi, lakini pengo la nusu mita katika mstari hubaki pengo hadi mavuno, na ile mimea iliyosongamana upande wa pili hailipi deni hilo.

Wakati wa kupanda pia huisogeza idadi inayofaa. Choroko ni mmea wa siku fupi, na aina nyingi huwahi kutoa maua siku zinapofupika. Anayepanda akiwa amechelewa hupata mimea mifupi yenye vifundo vichache, ambayo kila mmoja hauwezi kutumia nafasi kubwa hata ukipewa. Hapo kuongeza mimea na kukaribisha mistari ni njia ya kuhakikisha mwanga haupotei. Hali ni hiyo hiyo kwa aina fupi zilizosimama wima na zinazokomaa mapema, ambazo huvumilia msongamano kuliko zile zinazotambaa na kutawanya matawi. Katika kilimo mseto na nafaka ndefu, choroko tayari ina mshindani juu ya kichwa chake, hivyo idadi yake hupunguzwa.

Swali moja ambalo huulizwa ni kama mimea mingi inahitaji mbolea zaidi ya naitrojeni. Choroko hujipatia sehemu kubwa ya naitrojeni kwa msaada wa bakteria wanaoishi ndani ya vinundu vya mizizi, na kila mmea, uwe na jirani au usiwe naye, huja na vinundu vyake. Vinundu vya mmea uliobanwa huwa vichache kwa kuwa sukari inayoshuka mizizini ni kidogo, lakini mimea yenyewe ni mingi. Penye udongo ambao haujawahi kuona choroko au jamaa zake, kuipaka mbegu bakteria wanaofaa kuna manufaa kuliko kuongeza kilo za mbegu au mfuko wa urea.

Anayetaka kujua idadi inayofaa katika udongo wake mwenyewe hana haja ya kungoja kituo cha utafiti. Apande vipande virefu vya viwango vitatu, tuseme vilivyokusudiwa kutoa mimea 15, 30 na 45 kwa mita ya mraba, kila kiwango kikirudiwa angalau mara tatu na kupangwa bila kufuatana, ili upande mmoja wa shamba wenye rutuba usikipendelee kiwango kimoja. Wiki 3 baada ya kupanda ahesabu mimea iliyosimama, kwa sababu idadi iliyokusudiwa na iliyopatikana hazilingani kamwe, kisha ahesabu tena wakati wa kuvuna. Achukue mimea kadhaa bila kuchagua katika kila kipande na kuhesabu maganda na matawi. Avune mistari ya katikati tu, kwani ya pembeni hupata mwanga wa ziada na hudanganya. Akaushe punje hadi unyevu ulingane kwa vipande vyote, karibu asilimia 12, ndipo apime uzito wa jumla na uzito wa punje 1,000. Kutoka kwenye mavuno ya kila kipande aondoe uzito wa mbegu aliyopanda humo, maana kilo 10 za mbegu zilizoongezwa bila kurudisha angalau kilo 10 za punje zilikuwa hasara hata kama shamba lilionekana limejaa. Jaribio hilo lirudiwe katika msimu wa mvua chache na katika msimu wa mvua nyingi, na inapotokea kwamba 15 imeshinda katika ule wa kwanza na 45 katika ule wa pili, matokeo hayo yasiunganishwe kuwa wastani mmoja. Yaandikwe kando kando, pamoja na kiasi cha mvua iliyonyesha kuanzia siku ya ua la kwanza.